Uzi: Mifarishi ya viraka kwa maveterani walemavu huku Marekani, niliyoyaona na niliyoyaharibu kwa mikono yangu

Sindano Butu

Wakuu habari za saa hizi. Huu ni uzi kuhusu uzi, ule wa kwenye cherehani, kwa hiyo asiyependa habari za ushonaji apite kimya kimya tusikwazane.

Kwa wasionijua, niko Marekani jimbo la Iowa, kazi yangu kulea wazee kwenye nyumba moja ya wazee (jina naliacha). Miaka mitatu nyuma nikapangiwa upande ambao kulikuwa na mzee mmoja alipigana Vietnam. Mkali huyo! Ukimsalimia asubuhi anakuangalia kama umekuja kumdai. Mguu wa kushoto hana, umekatwa chini ya goti, anatembelea kiti cha magurudumu. Mimi kichwani nilishajiambia huyu alikanyaga bomu, basi. Siku moja nikamsikia anamrekebisha mwenzangu, kumbe mguu haukukatwa vitani, umekatwa kwa kisukari miaka zaidi ya arobaini baada ya vita. Kule Vietnam jeshi lao lilimwaga dawa ya kupukutisha majani ili adui asipate pa kujificha, ile Agent Orange, na leo serikali yao yenyewe inakubali kwamba askari aliyekuwa huko akija kupata kisukari cha aina ya 2 kinahesabiwa kimetokana na utumishi, analipwa fidia ya ulemavu. Yaani vita imeisha 1975 na mguu umekatwa juzi juzi tu. Nilikaa kimya siku nzima.

Sasa mtoto wake wa kike akamwombea mfarishi. Kwa wasiojua, mfarishi wa viraka wenyewe wanaita kwilti, ni matabaka matatu: uso wa juu umeungwaungwa vipande vya vitambaa, katikati kuna pamba, chini kitambaa kizima, halafu vyote vitatu vinashonewa pamoja vishikane. Kuna taasisi inaitwa Quilts of Valor, makao yake yako huku huku Iowa, mji mdogo wa Winterset. Yoyote anaweza kupendekeza jina, watu wa kujitolea wanashona, na hawasemi wanampa, wanasema anatunukiwa, ukisema kupewa wanakurekebisha papo hapo. Wanaotunukiwa ni waliokuwa jeshini wakaguswa na vita, si lazima awe mlemavu, ila ukikaa kwenye shughuli zao utaona magongo, miguu ya bandia na mbwa wasaidizi kwa wingi.

Siku yenyewe wakaja wamama watatu na mzee mmoja, wote nywele nyeupe, mfarishi wameushika kwa pembe umefunguliwa, nyekundu nyeupe na bluu, nyota za pembe nane. Mmoja akaeleza kwamba uso wa juu na vipande vyake vingi ni watu mbalimbali wa jamii, pamba ya katikati ni joto na matumaini, kitambaa cha chini ndo nguvu inayobeba vyote. Halafu wakamwuliza, tunaomba ruhusa tukuzungushie mabegani. Mzee akaitikia kwa kichwa. Wakamfunika, na yule mama akainama akamwambia maneno mawili tu, karibu nyumbani.

Wakuu, hawa wa Vietnam wengi waliporudi hawakupokelewa na mtu, wengine walivua sare haraka wasijulikane. Yule mzee hakulia, hakusema asante, alishika ule ukingo akawa anaupitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, anaenda mbele, anarudi nyuma, kama mtu anahesabu kitu. Alifanya hivyo mpaka wageni wakamaliza keki na kuondoka.

Naendelea, kuna mtu ananipigia.

Kijana wa Zamani

Dada tupo, weka vitu. Ila na mimi niulize mapema kabla uzi haujawa mrefu, hivi mtu kakatwa mguu, serikali inampa blanketi??? Si wampe hela.

Bi Mdogo

@Kijana wa Zamani soma vizuri ndugu yangu, serikali inalipa fidia kivyake, mfarishi wanashona watu baki kwa pesa zao. Vitu viwili tofauti.

Sindano Butu

Bi Mdogo kanisaidia. Fidia yao inapimwa kwa asilimia, kuanzia sifuri mpaka mia, inapanda kumi kumi, na mzee wangu makaratasi yake yote nimeyaona mezani kwake. Barua ya asilimia haikumfanya ashike ukingo wa karatasi kama alivyoshika ule ukingo. Sisemi kimoja kinatosha bila kingine. Mtu akikuambia tuwashonee badala ya kuwatibu huyo mkimbie.

Sasa niwape historia kidogo maana niliifuatilia baadaye. Aliyeanzisha anaitwa Catherine Roberts, mwaka 2003, alikuwa anaishi Delaware, mwanawe yuko Iraq kazi yake kukaa na bunduki juu ya gari. Mama wa namna hiyo halali, mnajua. Anasimulia aliota, au niseme aliona, kijana kakaa ukingoni mwa kitanda usiku, kainama, kakata tamaa kabisa, halafu picha ikabadilika, kijana yule yule kajifunika mfarishi na uso umepata nuru. Mfarishi wa kwanza ulitolewa Novemba mwaka huo huo hospitali ya jeshi ya Walter Reed kwa askari kijana wa Minnesota aliyepoteza mguu Iraq. Mpaka leo wameshatunuku zaidi ya 300,000.

Niliposoma pale kwenye "ukingoni mwa kitanda usiku" mwili ulisisimka. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, na mzee wangu nilikuwa namkuta hivyo hivyo saa tisa za usiku, kakaa, kainama, taa kazima, ukimwuliza vipi anasema nenda zako. Baada ya ule mfarishi sitawadanganya kwamba alianza kulala kama mtoto. Aliendelea kukaa. Ila sasa anakaa kajifunika mgongoni, na siku moja akaniambia kaa hapo, nikakaa, hatukuongea kama dakika ishirini hivi. Hiyo ndo siku niliyoamua nitajifunza kushona.

Mjomba Nyundo

Mimi nina swali gumu kidogo usinichukie. Hii si kutukuza vita? Iraq kule walikufa raia wangapi, nani aliwashonea wale?

Sindano Butu

Mjomba sikuchukii, na mimi hilo lilinikereketa, nilimwuliza mama mmoja wa grupu yetu ya kushona ambaye najua kabisa alipinga vita ya Iraq, alisimama barabarani na bango. Akanijibu huku anapiga pasi, mimi nilimpinga aliyewatuma, huyu aliyetumwa akiwa na miaka 19 nitampinga nini. Na akaendelea kupiga pasi. Sijui kama jibu litakutosha, mimi lilinitosha kushika mkasi.

Kitimwendo

Natumia kiti cha magurudumu miaka kumi na moja sasa (ajali, si vita). Naomba niulize kitu ambacho washonaji wengi hawakifikirii. Ukubwa wake? Maana blanketi refu kwenye kiti ni balaa, linaingia kwenye gurudumu linakukaba.

Sindano Butu

@Kitimwendo we ndo nilikuwa nakusubiri!! Umegusa palipouma.

Vipimo vyao: usipungue inchi 55 kwa 65, usizidi 72 kwa 90, wanapendelea kama 60 kwa 80. Unamfunika mtu mzima kitandani vizuri. Mimi wangu wa kwanza nilipanga vipande thelathini vya inchi kumi na mbili, vitano kwa upana sita kwa urefu, na mpaka wa inchi nne pande zote, ukatoka 68 kwa 80, nikajiona fundi. Ukatunukiwa kwa kijana mmoja wa Iraq, hana miguu yote miwili juu ya goti. Wakamfunika mabegani akageuza kiti aende kwa mkewe, kona moja ikaingia kwenye gurudumu la kulia, kiti kikagoma, shingo ikavutwa nyuma. Mbele ya watu sitini. Nilitamani sakafu ifunguke. Yeye akacheka, akasema nimepona mabomu nataka kuuawa na bibi mshona nguo (mimi nina miaka 46 jamani).

Mkewe ndo alinifundisha. Wakati wa kutunuku ukimfunika mtu wa kiti, kunja pembe za chini uziweke mapajani kabla hajashika magurudumu. Na ukijua mapema ni mtu wa kiti ambaye anautaka wa kukaa nao mchana, shona kwa kile kipimo kidogo, 55 kwa 65, bado unakubalika. Mfarishi mkubwa mwachie wa kitandani. Tangu hapo mimi jina likija nauliza maswali kabla sijakata hata kipande: anatumia kiti? mkono wa bandia? anaona? ngozi ina majeraha ya moto?

Mkono wa bandia kwa nini, sababu mishono ile ya kushikiza matabaka ukiiacha mirefu mirefu ndoano ya mkono huo inanasa, na vile vibandiko vya kukwaruza vya kwenye mikanda ya miguu ya bandia vinang'oa uzi wote. Kwa hao nashona mishono mifupi iliyobana. Aliyeungua moto ngozi yake haitaki joto wala kitu kigumu, kwa hiyo pamba ya katikati iwe nyembamba na kitambaa cha chini kiwe laini, ukishafuliwa mara mbili kabisa. Nyuzi za kudarizi zenye kung'aa weka mbali, zinakwaruza.

Kitimwendo

Mama Mungu akubariki, na hilo la kuomba ruhusa kabla ya kumfunika mtu wasiliache. Mtu akinigusa mabega kutokea nyuma bila kuniambia huwa nataka kupiga ngumi, na mimi sijaona hata vita.

Sindano Butu

Kabisa. Kwetu ni sheria, wawili wanaingia kutokea mbele, anawaona, anaulizwa, ndo unazungushwa. Akisema hapana anawekewa mapajani na hakuna anayenuna. Tumewahi kupata mmoja aliyesema hapana, kisha akauchukua mwenyewe mezani watu walipotoka.

Mama Kibwebwe

Shost hebu twende kwenye ufundi. Gharama? Na kwa anayeanza cherehani ya kawaida inatosha?

Sindano Butu

Cherehani ya kawaida inatosha kuunga uso wa juu, mimi yangu ni ya mtumba. Gharama ndo usiniulize mbele ya mume wangu. Kitambaa cha pamba tupu kizuri yadi moja ni kama dola 12 mpaka 14, uso wa juu unakula yadi nyingi kuliko unavyofikiri, ongeza pamba ya katikati na kitambaa cha chini, wangu wa kwanza ulifika kama dola 250 bila kuhesabu vidole nilivyochoma. Wengi hatufanyi peke yetu, mmoja anaunga uso, mwingine mwenye ile mashine kubwa ya mkono mrefu anashonea matabaka, mwingine anamalizia ukingo kwa mkono.

Siri kubwa ni robo inchi. Kila mshono uwe robo inchi kutoka ukingoni, siyo robo na kidogo. Ukikosea upana wa unywele kwenye kila mshono basi nyota ya pembe nane haikutani ncha, utakaa unavuta kitambaa na mate. Mimi nilifumua safu nzima mara tatu. Na huwezi kushikiza kwa kufungafunga mafundo ya uzi hapa na pale kama mifarishi mingine, wao hawakubali, lazima matabaka yashonewe kabisa kwa mkono au mashine, maana hiki ni kitu cha kutumika na kufuliwa miaka mingi.

Halafu LEBO. Nyuma kwenye kona unashonea kitambaa chenye jina la anayetunukiwa, majina ya walioshona, tarehe. Bila lebo bado ni blanketi tu.

Sasa kuhusu kufua, hapa niungame. Mfarishi wangu wa pili. Nyekundu nzito imekaa na nyeupe. Mimi mtoto wa pwani, nimekua najua kanga mpya inatoa rangi, unailoweka peke yake kwanza, hilo hata mtoto wa darasa la pili kwetu anajua. Lakini nikajiambia kitambaa cha Marekani cha dola 13 hakiwezi kuchuja bwana. Nikaunga, ukashonewa, ukamalizwa ukingo, zimebaki siku nne. Nikatumbukiza mashineni. Nimeutoa, nyota zote ni za waridi.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya chumba cha kufulia. Usiombe.

Mjomba Nyundo

Hahahaha ule unyamavu wa mtu aliyekaa karibu na mashine ya kufulia naujua.

Mama Kibwebwe

Usituache hapo!! Ukafanyaje?

Sindano Butu

Nikampigia mama yule wa pasi, saa nne usiku. Akasema kitu kimoja kwanza, usiuweke kwenye kikaushio, joto linaifungia rangi mahali ilipo. Jaza bafu maji ya moto kabisa, mengi, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, zamisha wote usielee hata kona moja, acha usiku kucha. Asubuhi maji kama juisi ya ukwaju. Nikamwaga, nikarudia. Mara ya tatu maji yakatoka meupe na nyota zikarudi nyeupe, ukiacha moja ya chini kushoto ambayo mpaka leo ina kivuli cha waridi. Siku hizi nyekundu yoyote nafua kabla ya kukata, na wakati wa kufua mfarishi natupia vile vikaratasi vya kunasa rangi. Aliyeutunukiwa huo alikuwa mama, nesi wa jeshi. Nikamwonyesha ile nyota nikamwomba radhi, akasema hiyo ndo atakuwa anaitafuta kwanza ili ajue upande wa miguuni ni upi.

Koplo Tulivu

Mnaongea wa kushonewa tu, wako pia waliokuwa wanashona wenyewe. Vita ya Crimea, 1853 mpaka 1856, kuna mchoro wa Thomas Wood wa askari wa Uingereza aliyepasuka fuvu, kakaa kitandani hospitali kafungwa kichwa, na mikononi anashona viraka vya kitambaa cha sare. Majeruhi walikuwa wanapewa sindano na uzi washone ili mikono iwe na kazi na wasiende kwenye pombe na kamari. Ile sufu ya sare ni nene kama kiatu, kuitoboa siyo mchezo.

Sindano Butu

Koplo asante sana, hilo la mchoro sikulijua! Nimeutafuta sasa hivi, daah, vipande vidogo vile na yeye fuvu limepasuka.

Na hapa Marekani vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, wanawake wa kaskazini walishona mifarishi kwa maelfu kwa ajili ya hospitali za askari kupitia tume moja ya afya, Sanitary Commission, walikuwa wanaishona myembamba ili ienee vitanda vya kambi. Iliyobaki leo ni ya kuhesabu kwa sababu ilitumika mpaka ikaisha, na askari wengine walizikwa nayo.

Grupu yetu nayo ina mwanamume mmoja wa Afghanistan, aliumia ubongo kwa mtikiso wa mlipuko, kusahau ndo ugonjwa wake. Alitunukiwa, wiki iliyofuata akaja akauliza naweza kukaa hapa? Yeye kazi yake ni kukata tu. Tunamwandikia vipimo kwenye karatasi kubwa anabandika ukutani, anakata mraba mmoja anaweka alama moja. Hajawahi kukosea hata mmoja. Sisi wenye ubongo mzima ndo tunakosea.

Kijana wa Zamani

Nimerudi kusoma yote. Nafuta kauli yangu ya blanketi, ila bado nasema na hela wapewe.

Sindano Butu

Na hela wapewe, tuko pamoja mkuu.

Bi Mdogo

Mama, na yule mzee wako wa Vietnam? Ulimwacha kakaa kitandani.

Sindano Butu

Yupo, bado mkali. Tatizo la wengi wakishatunukiwa wanauogopa, wanaukunja wanaweka juu kabatini kama cheti. Huwa tunawaambia utumie, lalia, mwagia chai, mbwa alalie. Mzee wangu hana shida hiyo, wake uko kwenye kile kiti kila siku, mvua na jua. Jumatatu nimeingia zamu kaniita kwa kidole, hakusema kitu, kanionyesha ukingo upande wa kulia, gurudumu limeutafuna kama shubiri mbili hivi, pamba inachungulia nje. Nikamwambia nipe niupeleke nyumbani nikautengeneze. Akaushikilia. Nikamwambia wiki moja tu. Akasema siku mbili.

Kwa hiyo mnisamehe, nimeshakata kitambaa cha ukingo bluu ile ile, kimefuliwa kabisa safari hii, na kesho asubuhi ndo siku ya pili. Maswali wekeni nitayajibu nikimaliza.